Kopo la Bi Mwamini

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, limechakaa hata yule ng'ombe aliyechorwa ubavuni alibaki pembe na mkia tu. Lilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa Bi Mwamini, Ujiji, na mtaani hapakuwa na mtu asiyelijua. Mtoto akiharisha, jino likivimba, kidonda kikitunga usaha, watu hawakuanza na zahanati. Walianza na kopo. Na usije ukadhani Bi Mwamini alikuwa muuza dawa, aka! Hakuuza hata kidonge kimoja maishani mwake. Ukimtolea noti alikufukuza nayo.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu akiandikiwa dawa za siku saba, siku ya tatu akaamka mzima, aliacha kumeza. Vilivyobaki alivifunga kwenye kikaratasi akampelekea Bi Mwamini. "Hivi vimebaki, Bi Mwamini. Atakayeugua apate." Ndivyo walivyozoea tangu enzi za mama mkwe wake, wakati zahanati ilikuwa na meza, kiti na mganga, ila dawa hakuna. Kubakiza ikawa ndiyo utu. Aliyemeza dozi yote mpaka kidonge cha mwisho walimsema pembeni: mchoyo yule, kazimaliza zote peke yake.

Bi Mwamini alilipenda kopo lile, tusifichane. Lilimpa cheo. Yeye shule aliishia darasa la saba, lakini watu wazima na ndevu zao walimjia wameshika matumbo, naye akamwaga vidonge kwenye sinia na kuvichambua kwa kidole kama mchele. Hizi za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, za jino la Eufrasia muuza mawese. Hizi za njano za Mzee Jumanne, Mungu amrehemu, alikufa hajazimaliza. Hizi nyeupe kubwa za tumbo, za ile harusi ambayo pilau iliwageuka watu. Alijua kila kidonge kimetoka kwa nani. Kinaua nini ndani ya mwili, hapo alikuwa anakisia, lakini nani angemuuliza?

Mumewe, Swaibu, alikuwa fundi wa maboti ya mbao pale Kibirizi, kando ya ziwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuziba. Alishindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye maungio ya mbao, akapita na kidole, akasikiliza, akashindilia tena. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na kama wanaume wengi wa aina yake, aliipuuza kwa kuwa haiumi. Siku alipoanguka kando ya boti aliyokuwa akiiziba, figo zote mbili zilikuwa zimeshakufa. Tangu hapo ikawa ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yake yote yaliyobaki.

Wakamwekea mrija shingoni, umepita ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo, ncha zake mbili zinaning'inia kifuani zimefungwa bandeji. Sista Honorata, muuguzi wa mashine, aliwakalisha chini wote wawili siku ya kwanza.

"Mama, mrija huu ni mlango," alisema. "Kijidudu kikiingia hapa kinafika moyoni moja kwa moja. Na mwili wa mtu wa figo hauna nguvu ya kupigana kama wako. Kwa hiyo akitetemeka, akipata homa hata kidogo, mleteni siku hiyohiyo. Na msimpe dawa yoyote ya nyumbani."

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, Sista," alijibu Bi Mwamini, huku moyoni anasema, huyu binti ananifundisha mimi habari ya homa?

Mara ya kwanza Swaibu alitetemekea kwenye bajaji, wakitoka mashineni, meno yanagongana hata dereva akageuka kutazama. Hospitali walikuwa wameiacha nyuma dakika tano tu. Bi Mwamini hakusema geuza. Walifika nyumbani, akashusha kopo, akampa rangi mbili, mbili asubuhi na mbili jioni. Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu mzee akaulizia ugali na samaki wake, mgebuka. Si umeona! Bi Mwamini akafurahi, akarudisha koponi vilivyobaki, maana huwezi jua kesho ya mtu.

Mwezi uliofuata homa ikarudi. Akampa zilezile, zikafanya kazi, lakini kwa kusuasua. Ya tatu ilipokuja, rangi mbili hazikufua dafu, akachanganya na zile za njano za marehemu, na homa ilichukua siku nne kushuka. Hapo mtu mwingine angeshtuka. Yeye alijipongeza kwa kujua kuchanganya.

Mara ya nne ndiyo iliyowapeleka wodini. Swaibu alizimia mashineni, macho yakageuka juu, na Sista Honorata hakumuuliza mtu, alimlaza. Akaja Daktari Nikodemu, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, Muha wa Kasulu. Akamwamkia Bi Mwamini vizuri, akavuta kiti.

"Mama, kuna dawa yoyote amemeza nyumbani siku hizi za karibuni?"

Bi Mwamini alimtazama Sista Honorata, aliyesimama pale pale na faili mkononi. Jana tu alikuwa amempa mumewe vidonge vinne.

"Hakuna," akasema.

Basi. Neno moja, na likishatoka linataka ulilinde. Daktari akaandika: hakuna. Wakatoa damu wakaijaza kwenye chupa mbili. Daktari alimweleza kwamba damu ile wanaipanda maabara kama mtu anavyopanda mbegu, na kama kuna kijidudu ndani yake kitaota, na kikiota watakijaribia dawa moja moja waone ipi inakiua. Wakati wakisubiri wakamwanzishia sindano za kawaida. Bi Mwamini alisikiliza yote na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Asubuhi iliyofuata alikuja na chupa ya uji. Ndani ya uji alikuwa amefungua vidonge vya rangi mbili na kusaga vya njano, akakoroga, akaongeza sukari kufunika uchungu. Jamani, usimhukumu upesi. Sindano zilikuwa zimepita usiku kucha na mume wake bado anawaka. Zake yeye aliwahi kuziona zikimwinua. Ungekuwa wewe ungekaa na mikono mapajani?

Siku ya tatu majibu yakaja kwamba damu haikuota kitu. Daktari akakuna kichwa. Wakampima malaria, wakampiga picha ya kifua, wakampima makohozi. Hakuna. Wakatoa damu tena, wakaipanda tena, na tena haikuota kitu. Na kila asubuhi Bi Mwamini anaingia na chupa yake ya uji, kanga imemkaa vizuri, anasalimia wodi nzima, anamlisha mumewe kijiko kwa kijiko mpaka mwisho.

Siku ya saba Swaibu aliwekwa mashineni, na hata saa moja haikuisha presha yake ikaporomoka, ikabidi wamtoe. Sista Honorata alimvuta Bi Mwamini pembeni, karibu na dirisha linalotazama ziwani.

"Mama, nikuambie ukweli. Hali ikiwa hivi hatuwezi kumsafisha damu. Na asiposafishwa siku nne, tano, hatakuwepo. Kuna kitu ndani ya damu yake na hatukioni. Daktari halali. Kama kuna jambo lolote hujatuambia, hata kama unaliona dogo, hebu niambie."

Bi Mwamini akafungua mdomo. Akakumbuka lile "hakuna" lililoandikwa kwa wino kwenye faili, akakumbuka mtaa mzima unaomwita yeye "daktari wetu", akafunga mdomo.

"Mngemwombea tu, Sista," akasema.

Kesho yake alikuja na uji kama kawaida. Swaibu alikuwa na fahamu asubuhi ile, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alimeza kijiko cha kwanza, akakunja uso.

"Hii chungu chungu iliyomo humu," alinong'ona, "daktari anaijua?"

"Nyamaza unywe, Baba Safina."

Akanywa kijiko cha pili. Hakuwahi kumkatalia kitu kilichotoka mkononi mwake, miaka thelathini na moja. Kisha akatabasamu kidogo, akitazama dari.

"Unamkumbuka Dismasi? Yule mwenye boti ya bluu."

"Namkumbuka. Kunywa."

"Aliniletea ile boti inavuja. Ila aliona aibu, eti nitamcheka kwa kuitunza vibaya. Basi kabla hajaileta akaipaka lami ndani, juu yake akapiga rangi mpya. Siku mbili nimetafuta tundu, ubao kwa ubao. Pakavu kabisa. Nikamwambia nenda, boti yako nzima. Wiki haikuisha, ikajaa maji wakiwa ziwani, nusura wafe." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nilimwambia, ungeniletea inavuja, Dismasi. Ningeona maji yanaingilia wapi."

Alikuwa na maana gani, au ilikuwa homa tu inamrudisha kazini, Mungu ndiye ajuaye. Bi Mwamini alibaki na kijiko hewani. Aliutazama uji. Damu haikuota kitu, damu haikuota kitu. Siku nane daktari anatafuta tundu, na yeye kila asubuhi anakuja na kopo lake la rangi.

Aliuchukua uji wote akaumwaga kwenye sinki. Akapiga moyo konde, akaenda kusimama mlangoni kwa Daktari Nikodemu.

"Mwanangu," akasema, "nilikudanganya."

Akamweleza. Uji, vidonge, bajaji isiyogeuzwa, homa tatu zilizotangulia. Daktari alikasirika, tena sana. Alikunja ngumi juu ya meza, akaikunjua, akatazama ukutani.

"Siku nane, mama. Siku nane tunapanda damu yenye dawa ndani yake. Dawa haitoshi kukiua kijidudu, lakini inatosha kukificha. Kingeotaje?" Akavuta faili. "Na figo zake hazitoi dawa mwilini kama zako. Hizo ulizompa zinamrundikania. Basi. Hilo kopo liko wapi?"

"Nyumbani, Ujiji."

"Kalilete."

Safari hii dereva wa bajaji aliambiwa aende mbio. Aliporudi na kopo kifuani, mumewe alikuwa ametolewa ule mrija wa shingoni na kuwekewa wa muda kwenye paja. Ncha ya ndani ya ule wa zamani walikuwa wameikata na kuipeleka maabara pamoja na damu nyingine. Daktari akatandika karatasi mezani, akamwambia amwage. Vidonge vikabingirika. Sista Honorata akafunika mdomo kwa mkono.

"Loo! Mama, hii ni famasi nzima."

"Hizi za Eufrasia, za jino," alisema Bi Mwamini, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hizi za Mzee Jumanne, marehemu. Hizi za mtoto wa Wema, za masikio. Hizi..." Alikuwa amezoea kuyasema haya kwa fahari. Leo kila jina lilimkwama. Daktari aliandika yote, akitenga rangi na rangi, aina saba.

Siku ya pili jioni, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, maabara walituma karatasi. Kijidudu kimeota, kwenye ncha ya mrija na kwenye damu pia. Daktari alimwita Bi Mwamini, akaiweka karatasi kando ya vile vifungu saba vya vidonge.

"Hapa wameandika dawa walizokijaribia," alisema. "Nitasoma, na wewe uniangalizie." Akagusa kifungu cha Eufrasia. "Hii, sugu. Maana yake kijidudu hakiisikii tena." Akagusa cha Mzee Jumanne. "Sugu." Akagusa cha mtoto wa Wema. "Sugu." Alikwenda hivyo mpaka kifungu cha saba, na hakuna hata kimoja kilichosalimika. Hata sindano walizokuwa wakimpiga wodini zilikuwemo kwenye orodha hiyo.

Bi Mwamini aliketi bila kukaribishwa.

"Kila ulipompa siku mbili tatu ukaacha," daktari alisema taratibu, "ulivimaliza vijidudu dhaifu. Vigumu vikabaki, vikazaliana. Mara iliyofuata ukampa tena, na vilivyobaki vikawa vigumu zaidi."

"Kwa hiyo nimevifunza mimi."

Alitamani aambiwe hapana. Nikodemu hakusema hapana.

"Si wewe peke yako, mama. Vingine wagonjwa wanavipata hukuhuku kwetu. Lakini na wewe umo." Akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa. "Imebaki hii moja. Koponi mwako haimo. Ni sindano, tutampa kila akitoka mashineni, kwa kipimo cha mtu asiye na figo. Wiki mbili kamili. Nayo ikishindwa, mimi hapa sina nyingine."

Bi Mwamini alilia pale pale, kilio cha sauti, kanga mdomoni. Alimuua mume wake kwa mapenzi, ndivyo alivyojiona, na hakuna mtu aliyembishia.

Alimweleza Swaibu mwenyewe, siku ileile. Alidhani atageukia ukutani. Mzee alimshika kidole kimoja tu, maana nguvu za kushika mkono mzima hakuwa nazo.

"Nilijua daktari haijui," alisema. "Ladha yake ilikuwa ya kificho. Ningeweza kukataa. Na mimi nimo."

Mwanzoni walimsafisha kwa vipindi vifupi vifupi, kadiri presha ilivyoruhusu, na siku ya nne ya sindano homa ikaanza kushuka. Ya tano akamaliza saa zake zote mashineni. Ya sita asubuhi akafungua macho, akauliza kama migebuka imepatikana Kibirizi, na kama ipo, mbona haletewi. Sista Honorata akacheka. Bi Mwamini hakucheka. Alijua kwamba ni siku kama hii, mgonjwa anapoulizia mboga, ndipo yeye alipokuwa anafunika kopo.

"Leo ni siku ya ngapi, Sista?"

"Ya sita, mama."

"Bado nane," akasema Bi Mwamini. "Msimwonee huruma. Mpeni zote."

Mchana huohuo, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia Shadia, mtoto wa mdogo wake, anakaa Katubuka. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita na hakutakiwa hata kupanda bajaji, lakini kaja, anatembea amejipinda kidogo, kikapu mkono huu na kichanga mgongoni. Akamwamkia Swaibu, akamwamkia Bi Mwamini.

"Shikamoo, Ma'mkubwa. Baba'mkubwa anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Anakula. Mbona umetoka kitandani?"

Shadia akatazama huku na huku, akaona Sista yuko mbali. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kikaratasi kilichofungwa vizuri kwa uzi, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Mwamini na kukifunika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Za kidonda changu," alinong'ona. "Walinipa za siku saba. Niliposikia Baba'mkubwa kazidiwa, nikaacha siku ya tatu hiyohiyo, nikambakizia. Nisije nikawa mchoyo." Alitabasamu kwa fahari, na fahari ile Bi Mwamini aliitambua, ilikuwa yake.

Bi Mwamini alimtazama yule binti, uso unang'aa jasho na chumba chenyewe kina upepo wa ziwa. Akanyoosha mkono, akaligusa tumbo lake juu ya kanga. Pale penye kidonda palikuwa na moto, na kanga ilikuwa imelowa.

"Tangu lini?"

"Juzi tu, Ma'mkubwa. Kitakauka. Nikirudi nyumbani si nitachukua kidogo koponi?"

"Kopo halipo tena," alisema Bi Mwamini.

Alimfungua kichanga mgongoni, akambeba yeye. Mkono mwingine akamshika Shadia, akampitisha wodi nzima mbele ya watu, huku Shadia anamvuta kanga na kumwambia kwa sauti ya chini aache, Ma'mkubwa, watanigombeza. Bi Mwamini hakuacha. Alifika mezani kwa Sista Honorata, akakiweka kile kikaratasi juu ya faili lililofunguliwa.

"Sista, huyu ni mwanangu. Kapasuliwa, na kidonda kina moto. Kameza dawa siku tatu kati ya saba, zilizobaki hizi hapa. Na kama utauliza nani alimwambia aache, ni mimi. Nimewafunza hivyo wote, mtaa mzima, kwa miaka. Andika hivyohivyo."

Sista Honorata akachukua kalamu.